Kuku wa mashine wa supamaketi: usimweke friji mzima

Jamani huyu kuku namnunua karibu kila wiki, yule anayezunguka kwenye mashine pale supamaketi huku mafuta yake yanammwagikia mwenyewe, na nimeona niandike vizuri kwa sababu watu wengi wanamchukua siku wamechoka, wanakula nusu, nusu nyingine inalala friji ndani ya kopo lake mpaka inakuwa kavu inatupwa, halafu wanasema kuku wa supamaketi hana maana. Maana anayo sana, ila anaharibiwa ile saa ya kwanza mkifika naye nyumbani.

Ladha kwanza. Akiwa ametoka motoni muda huo huo ni mtamu kwelikweli, paja linaachia mfupa lenyewe na ngozi bado kavu. Shida hujui ametoka saa ngapi! Akishakaa sana kwenye lile kabati la kutunzia joto kidari kinakauka, na ngozi inalegea kwa sababu mvuke umefungiwa humo kwenye kopo hauna pa kutokea. Mimi siku hizi namuuliza mhudumu kabisa, hawa wametoka saa ngapi, na kama kuna wengine wanakaribia kuiva nasubiri. Kama hakuna wa kumuuliza angalia ngozi, ikiwa imejikunjakunja na imeachana na kidari huyo kakaa.

Chumvi ndio lawama yangu kubwa. Wengi wanadungwa maji ya chumvi kabla ya kuchomwa ili nyama isikauke, kwa hiyo ukimpikia kitu usitie chumvi kabla hujaonja, na kama nyumbani kuna mtu wa presha soma lebo kwanza.

Sasa ile saa ya kwanza. Ukifika mchambue akiwa bado wa moto, yani moto wa kuvumilika mkononi, kabla hata hujavua viatu kama unaweza. Nyama ya moto inaachia mifupa kwa vidole tu, ikishapoa mafuta yanaganda na unabaki unakwangua na kisu na nusu ya nyama inabaki humo humo. Mimi naanza kung'oa mapaja na mabawa, hayo ndio ya kula usiku huo na kachumbari au mboga yoyote iliyopo, halafu kidari chote nakichana na kukiweka kwenye kontena bapa. Mgeuze pia! Pale mgongoni karibu na mapaja kuna vinyama viwili vya mviringo, ni laini kuliko sehemu nyingine yoyote na watu wanavitupa na mifupa. Yale maji ya chini ya kopo mimina kwenye kikombe weka friji, kesho mafuta yatakuwa juu na chini kuna kama jeli, hiyo jeli ndio ladha yote ilipo. Kazi nzima haizidi dakika kumi na tano.

Na usimwache mezani mpaka mnaenda kulala, masaa 2 yasipite tangu atoke kwenye joto, na kama kuna joto kali la kupita nyuzi 32 basi saa 1 tu. Friji anakaa siku 3 mpaka 4, zaidi ya hapo mpeleke friza mapema.

Usiku wa pili mimi ni wali uliolala. Kikaango kiwe cha moto sana, kitunguu, karoti, njegere, sogeza pembeni vunja mayai mawili, tia wali, kijiko cha ile jeli, na kuku anaingia mwisho kabisa. Hapa ndio naona watu wanakosea, wanamtia mwanzo na vitunguu wanamkaanga robo saa nzima, jamani huyu ameshaiva, unampasha tu! Ila apashwe kweli, mvuke utoke kila mahali, wenye kipimajoto wafike nyuzi 74. Kwenye tambi ni hivyo hivyo, anaingia ukishazima jiko la kuchemshia tambi na sosi bado inatokota.

Usiku wa tatu mifupa. Mifupa yote, ile ngozi iliyolegea, kitunguu, karoti, punje za pilipili manga, maji ya kufunika tu yasizidi, moto mdogo saa moja. Hiyo supu inatoka nzito na inanukia nyumba nzima, ukitia tambi fupi na nyama kidogo iliyobaki watu wanashiba vizuri tu.

Kwa mchuzi wa kuchemka muda mrefu usimnunue huyu, nunua mbichi, maana atakuwa nyuzinyuzi tupu. Na kama mko watu sita mmoja hafiki usiku wa pili, chukua wawili.

Nampa nyota 4 kati ya 5, moja imeondoka na chumvi. Mifupa ya wiki hii mimi nimeiweka friza, wiki ijayo nikipata ya kuku mwingine naichemsha yote pamoja, supu ya kuku wawili ndio supu.