Kiredio cha Biblia: sauti nzuri, ila kisahaulifu

Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia 50,000. Kinaenea kiganjani, kina sola mgongoni na Biblia nzima ya Kiswahili ndani. Nilimchukulia mama, maana mtoto wa jicho hamruhusu tena kusoma.

Sauti ni safi na msomaji hana haraka. Hapo ndipo nilipoona faida hata mimi. Ni fundi cherehani, na Waamuzi sura ya 7, vita ya Gideoni na Wamidiani, naijua tangu utotoni, lakini nikisoma kwa macho namba nilikuwa naziruka. Masikio hayaruki. Watu 32,000, wanaoogopa 22,000 wanarudi makwao, wanabaki 10,000, wanateremshwa majini, na walioramba maji kwa ulimi, ndio wanaochukuliwa vitani, ni 300 tu. Unaanza kumhurumia Gideoni, mtu aliyekuwa akipura ngano yake mafichoni, shinikizoni, adui asimwone. Sura ya 8 ikataja jeshi la upande wa pili: waliouawa 120,000, waliosalia kama 15,000. Nikachukua chaki nikagawanya juu ya kipande cha kitambaa. Kila mtu wa Gideoni na maadui 450.

Mama nilidhani kasinzia. Kumbe!

"Hebu rudisha pale wanapovunja mitungi," akasema. "Mienge mkono wa kushoto, tarumbeta mkono wa kulia. Huo upanga wanaoupigia kelele wameushika na nini?"

Nikanyamaza. Miaka yote hiyo sikuwahi kuhesabu mikono.

"Basi hawakuwa na mkono wa kupigania," akajijibu mwenyewe, akajifunika kanga.

Sasa, huko kurudisha ndiko kwenye kero. Kurudi nyuma kidogo haiwezekani, lazima uanze sura upya. Ukikizima kinasahau kila kitu na kukupeleka Mwanzo 1, kwa hiyo kila jioni ni kubonyeza kitabu hadi kitabu mpaka ufike Waamuzi. Chaji ikikaribia kuisha, mwanamke anadakia kwa Kiingereza katikati ya Neno, mama humjibu, "Subiri kwanza." Sola ni pambo: nilikianika asubuhi nzima, kikaimba sura mbili kikazima. Tumia waya wa simu.

Nyota nne. Nilikiazima siku mbili niende nacho kibandani, mama akatuma mtoto kuja kukidai. Nikitaka, ninunue changu.