Nimekopa bando nione mwisho, kumbe mwisho wenyewe ni kitabu kufungwa

Naandika hasira haijaisha, mnivumilie. Shemeji yangu, mgonjwa wa tamthilia za kale za majasusi, alinisumbua muda mrefu niangalie The Prisoner, ile ya Waingereza ya 1967 na 1968. Nikaangalia, nikanasa. Jasusi anaacha kazi kwa ghadhabu, anapuliziwa gesi nyumbani kwake, anazinduka yuko kwenye Kijiji kizuri cha kutisha ambako watu ni namba. Yeye ni Namba Sita. Wakubwa wa pale wanataka kitu kimoja: aseme kwa nini aliacha kazi. Hasemi. Sehemu 14 nimekesha nazo kwenye simu, bando la jasho langu, nikisubiri aseme.

Ikaja ya 15, The Girl Who Was Death.

Nilidhani nimebonyeza tamthilia nyingine. Kijiji hakuna. Namba hakuna. Kuna kriketi! Kanali mzima kabakiza mkimbio mmoja afikishe 100, anatupiwa mpira, kumbe ni bomu. Kwaheri Kanali. Kuanzia hapo ni vituko tu. Patrick McGoohan, yule mtu wa kukunja uso anayeigiza Namba Sita, anatembea kavaa kofia na joho kama Sherlock Holmes. Mwanamke aliyevaa nyeupe tupu anamwinda, na anamwambia wameumbiana: yeye kazaliwa kuua, jamaa kazaliwa kupona. Mapenzi gani hayo jamani?

Lakini ile ya baa, nitasema kweli. Jamaa anamaliza bia, na kadiri inavyopungua, kwenye kitako cha glasi yanajitokeza maandishi: umeshakunywa sumu. Hapigi kelele. Anaagiza brandi, wiski, vodka, anapanga pombe juu ya pombe kwa utulivu wa mtu anayenunua nyanya, ili atapike. Nilicheka mpaka mpwa wangu akaamka.

Kwa hiyo hadi hapo sikuwa na ugomvi na mtu.

Ugomvi ulianza kwenye mnara wa taa. Humo yumo kichaa mmoja kavaa Kinapoleon (Kenneth Griffith, na anaifaidi kweli nafasi hiyo), anapanga kuilipua London kwa roketi. Roketi yenyewe iko wapi? Mnara ndio roketi! Jamaa amefungwa ndani yake, saa inahesabu, mimi nimeshika mto. Picha ikaganda. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Mara ujumbe: ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha.

Saa saba usiku. Duka la vocha limefungwa tangu saa nne. Nikakopa, na mnajua wanavyokata juu ya deni. Nikarudi mbio kwenye mnara. Jamaa kajinasua, vichaa wamejilipua wenyewe, moshi, na halafu mkono unafunga kitabu cha picha.

Kitabu cha picha! Namba Sita kakaa na watoto wa Kijijini, anawasimulia hadithi kabla hawajalala. Kanali, baa, mnara, vyote hadithi. Dakika karibu 50, na deni juu.

Nikampigia shemeji usiku uleule. "Shemeji, umeniuzia mbuzi kwenye gunia."

Akacheka. "Uliangalia mpaka tamati?"

"Kwa hela ya kukopa!"

"Rudia dakika ya mwisho. Usimwangalie yeye, waangalie wanaomwangalia."

Nikarudia, bando likizidi kuliwa. Namba Mbili, mkubwa wa Kijiji, na msaidizi wake wako mbele ya skrini, wametega masikio: walidhani mbele ya watoto atalegea, atatoa siri. Na sura zao? Yule kichaa wa Napoleon na yule mwanamke wa nyeupe. Namba Sita amewatia maadui wake kwenye hadithi, akawafanya vibonzo, huku wakimsikiliza! Halafu anageukia kamera na kuwatakia watoto usiku mwema, kila mahali.

Kila mahali. Yaani hadi mimi, niliyekodoa macho kwenye kioo usiku wa manane nikisubiri hilohilo alilosubiri Namba Mbili. Mwenzangu angalau analipwa mshahara kwa kukodoa.

Nilikuwa nimeshatoa nyota moja. Nikafuta, nikaweka nne. Asubuhi nikaongeza salio, deni likakatwa lote, nikashusha mbili. Wanaoichukia wana hoja: zimebaki sehemu mbili tamthilia iishe, mtu ana kiu ya majibu, unamletea kriketi? Wanaoipenda nao siwezi kuwabishia tena, maana jioni iliyofuata mpwa alitaka kujua kilichonichekesha.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Nikamsimulia kuanzia kwa Kanali. Kriketi ilinishinda kueleza, nikaifanya rede. Kwenye baa nikaigiza glasi moja moja, naye akacheka kunishinda mimi usiku ule. Mnara hatukufika, macho yalishakuwa mazito. Nyota sasa ni tatu, labda.

Nilipozima taa akaniita. "Mjomba, zile pombe zote, alilipa?"

Nikamwambia alale.