Mifi, rauta, treka na saa za ofa hapa Lamu: kipi uchukue, kipi ukiache pale pale mezani

Siku hizi ukipita Mkunguni hukosi mwamvuli na meza, vijana wa fulana mpya wamepanga maboksi, mifi (kile kiboksi cha mfukoni kinachotoa waifai kwa laini ya simu) bei ya kutupa, rauta (ndugu yake mkubwa wa kukaa nyumbani) nusu bei, saa ya mtoto, kamera, na watu wamejaa maana kweli bei iko chini. Mi sina neno na bei ya boksi. Neno langu ni kwamba kifaa kikishatiwa laini kina bei ya pili, ya kila mwezi, haikuandikwa kwa kalamu nyekundu kama ile ya kwanza, na hapo ndo faida ya muuzaji ilipo. Ile ya boksi amekubali kula hasara makusudi.

Kwa hivyo hii orodha sijaipanga kwa uzuri wa kifaa. Nimeangalia mambo mawili tu, kitakula pesa ngapi ndani ya miaka miwili, na je ukichoka unaweza kukizima bila kudaiwa. La pili kwetu huku ni kubwa kuliko la kwanza, maana wengi wetu mapato ni ya msimu, kusi ikiingia bahari inachafuka, wavuvi hawatoki, wageni wanapungua Shela, lakini bando la mkataba halijui kusi wala kaskazi, tarehe ikifika lataka chake.

Hesabu ya haraka kabla hatujaenda mbele. Tuseme mifi ya ofa ni 2,999 lakini sharti ujiunge na bando la 2,000 kila mwezi kwa mwaka mzima. Hiyo si mifi ya elfu tatu, ni mifi ya 26,999. Na ile ya 6,500 iliyo kando yake, isiyo na mkataba, ambayo kila mtu anaiona ghali, mwezi usio na pesa hununui bando basi, hakuna wa kukupigia simu.

Namba 1: simu yako ya zamani

Najua umekuja kutafuta cha kununua, lakini simu ya 4G yenye kioo kilichopasuka iliyolala kwenye kabati ni mifi tayari. Itie laini, washa hotspoti, weka neno la siri la maana (si 12345678 jamani), basi. Gharama yake ni bando unalochagua mwenyewe, la siku, la wiki, au hakuna. Ubaya wake ni betri, ukiiacha kwenye chaji usiku na mchana itavimba mpaka kifuniko kinyanyuke, kwa hivyo ichaji ikijaa uchomoe. Na kwenye simu zinazojiunga nayo zima kujisasisha kwa programu, la sivyo bando la wiki linaisha kabla ya Ijumaa na utaanza kumlaumu mtoto wa jirani.

Namba 2: mifi au rauta iliyo wazi

Iliyo wazi maana yake inakubali laini yoyote. Ya ofa mara nyingi imefungwa kwa mtandao mmoja, ndo maana ikawa rahisi. Kujua si kazi, nenda na laini mbili za mitandao tofauti, tuseme Safaricom na Airtel, mwambie muuzaji "kaka, naomba niijaribu na hii" kabla hujatoa pesa. Ikishika zote mbili, poa. Ikiandika laini haikubaliki au ikakuitisha nambari ya siri ya kuifungua, imefungwa, na akikwambia itafunguliwa baadaye muulize baadaye ni lini na ni shilingi ngapi, kisha aandike kwenye risiti. Wengi hapo huanza kutafuta kalamu hawaioni.

Sasa kuna jambo la Lamu peke yake ambalo yule kijana wa fulana aliyeletwa na boti kutoka Mokowe asubuhi hawezi kukwambia. Nyumba zetu za mji wa kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta ni nene, na mawimbi ya simu hayapendi ukuta wa namna hiyo, hasa ya 5G yenye masafa ya juu. Nimeona rauta nzuri imewekwa kwenye zidaka (vile vishubaka vya ukutani) ukumbini, katikati ya vyombo vya bibi, mashallah inapendeza, lakini mtandao hakuna. Ukiihamishia dirishani au juu darini inaruka. Kwa hivyo kabla ya kununua, chukua simu yenye laini ya mtandao ule ule, simama mahali rauta itakapokaa, pima kasi hapo hapo. Ikiwa simu inahangaika, rauta nayo itahangaika, tofauti ni kwamba ukisha saini mkataba wa mwaka utalipia huko kuhangaika kila mwezi.

Pia angalia ile ya wazi ina tundu la kuchomekea antena ya nje au la. Inasaidia sana kwenye nyumba za Mkomani, na antena unalipa mara moja tu.

Namba 3: treka ya boti au pikipiki, lakini ile ya SMS

Tangu injini za boti zianze kupotea usiku watu wengi wanataka treka, kile kifaa cha kukuonyesha chombo chako kilipo, na ni haki yao. Ziko aina mbili. Moja unaitumia SMS inakujibu ilipo, gharama ni hiyo SMS na kredo kidogo ndani ya laini. Nyingine inatuma data muda wote kwenye programu ya simu, na programu ina ada. Hapa ndo pa kuwa macho, kwenye tangazo utaona "mwaka wa kwanza bure", yaani wa pili si bure, na treka nyingi za aina hii zimeshatiwa laini ya kampuni ndani kabisa, huwezi kuibadilisha, usipolipa mwaka wa pili kile kifaa ni plastiki tu. Uliza maswali mawili: laini ni ya nani, na mwaka wa pili ni bei gani.

Halafu mabaharia, treka inategemea mnara. Ukiwa mbali bahari kuu haina pa kutuma, zile nzuri zinaweka kumbukumbu na kutuma ukirudi karibu, zile za bei rahisi zinanyamaza. Kwa injini iliyofungwa ufukweni usiku inafaa. Kwa kumtafuta mtu aliyepotea baharini usiitegemee hata kidogo.

Namba 4: saa

Saa ya Bluetooth inayoungana na simu yako haina laini, haina deni, nunua ukitaka. Ya mtoto yenye laini ni habari nyingine, inataka dakika za kupiga, inataka data ya kuonyesha mtoto alipo, na programu nyingine zina ada juu yake. Ikiwa shabaha ni kujua kama mwana kashafika chuoni (madrasa), saa ya bei nafuu ya 2G na kredo ya mia mwezi mzima yaweza kutosha, bora uzime vitu usivyotumia.

Kuhusu zile za Marekani. Ami akituma Apple Watch, kwanza hakikisha unatumia iPhone, maana haiungani na Android, umalize hapo. Pili, kule "saa ya bure" kwa kawaida inafungamanishwa na laini yake ya pekee, ada kama dola 10 kwa mwezi na kodi juu, na punguzo lenyewe linarudishwa kidogo kidogo kwenye bili kwa miezi 24 au 36. Akikata laini njiani, kilichobaki kwenye bei ya saa anadaiwa. Dola 10 mara 36 ni 360, kwa hivyo ukiona ami kanyamaza ukimuomba na ya pili, msamehe. Upande wako saa yenyewe itafanya kazi na iPhone bila laini, usikubali kuuziwa bando la saa.

Namba 5: tableti

Haraka tu. Chukua ya waifai peke yake. Yenye laini ni ghali zaidi na itakaa nyumbani ambako simu yako iko pale pale inaweza kuipa hotspoti. Ya ofa yenye bando la lazima iache.

Namba 6: kamera ya laini

Hii naiweka chini na nitaeleza kwa nini, kwa sababu wenye nyumba za wageni wanaipenda. Kamera yenyewe ni rahisi, lakini data inakula vipi sasa. Picha ya kawaida inayotumwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni MB 450 kwa saa. Siku nzima ni GB 10.8. Mwezi wa siku 30 ni GB 324. Hakuna bando la kamera kwenye ofa litakalobeba hayo, kwa hivyo wanakwambia usijali, inarekodi mtu akipita tu.

Haya. Kichochoro cha Langoni, mlango unatazama njia, nani hapiti? Watoto wa chuo, mchukuzi na rikwama, mama wa mahamri, na punda, punda wanapita tangu alfajiri wakibeba mchanga na mawe, na kamera haijui punda, kila akipita inaamka inarekodi inatuma. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alinionyesha simu yake, arifa juu ya arifa, zote masikio ya punda, na bando la mwezi lilikwisha wiki ya kwanza. Halafu kuna hifadhi ya mawinguni, yaani video zinawekwa kwenye mitambo ya kampuni mtandaoni, siku chache za mwanzo bure, baadaye ulipe kila mwezi ndo uone video ya jana, na mara nyingi unalipia kila kamera kivyake, si nyumba.

Ukiitaka kweli basi chukua inayokubali memori kadi. Kadi ya GB 64 kwa kasi ile ile inabeba takriban siku sita mfululizo kisha inajifuta na kuanza upya, haikulipishi kitu. Iunganishe na waifai ya nyumbani, elekeza jicho kwenye mlango si njia, na kwenye mipangilio chora eneo la kutazama liwe dogo. Hapo inapanda mpaka namba 3 bila wasiwasi.

Namba ya mwisho: rauta au mifi ya kulipa kila siku

Mtindo huu wa kulipa kidogo kidogo ulizoeleka na simu, Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom na Google ilipoanza 2020 ilikuwa depo ya elfu moja na shilingi 20 kila siku kwa miezi tisa, na simu inajifunga usipolipa. Ukipiga hesabu ni kama 6,400, na simu inaishia kuwa yako, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kifaa cha nyongeza kinachouzwa kwa mtindo huo na bando lake la lazima ndani, unalipa kifaa na unalipa bando kwa pamoja, na deni likiisha bando halishuki, hakuna anayekukumbusha kwamba umemaliza kulipa kifaa. Soma pale pameandikwa kidogo kabisa chini ya karatasi: miezi mingapi, adhabu ya kukata mapema ni kiasi gani, na bei baada ya ofa. Kama karatasi haipo kuna programu tu, piga picha ya kioo.

Kwa wale ambao tayari wako ndani. Laini ya kifaa husajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa Safaricom piga *106# uone zote zilizo kwa jina lako, usishangae ukikuta moja usiyoikumbuka. Bando la kujirudia lizime kutoka kwenye laini yenyewe, yaani itoe kwenye rauta uitie kwenye simu, maana likibaki linakungoja uweke kredo tu limeze, na kama una deni la Okoa Jahazi, ule mkopo wa kredo wa Safaricom, hiyo nayo inakata chake kwanza, na ada yake ya asilimia 10 imo ndani. Ukiambiwa huwezi kuzima, andika malalamiko kwa kampuni, kwa maandishi si kwa simu, weka nambari ya kumbukumbu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari za kutosha kuhusu anachonunua na iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kampuni ikikuzungusha peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, lakini wao watakuuliza kwanza kama ulilalamika kule, ndo maana ile nambari usiipoteze.