Stauti niliyoihukumu ikiwa baridi

Chupa ya kwanza ya stauti hii, bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa, niliinywa vibaya, na kosa lilikuwa langu. Niliitoa kwenye friji, nikaipiga tarumbeta palepale jinsi ninavyofanya na lager siku ya joto. Nilichopata ni maji machungu yenye gesi, na mwishoni ladha ya majivu. Nikaandika kwenye daftari: nyota mbili, na moja ni ya lebo. Bahati nzuri nilikuwa nimenunua tatu.

Ni stauti ya oti, asilimia 6 ya kilevi, kutoka kiwanda kidogo ambacho sikitaji jina kwa sababu nina lawama nacho huko mbele. Lebo inaahidi kahawa, chokoleti na vanila. Ukisoma viambato unakuta maji, kimea cha shayiri, shayiri iliyokaangwa, oti, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na hamira, basi. Kwa kahawa na chokoleti siwezi kuwaita waongo: shayiri ikikaangwa hadi ikawa nyeusi hutoa harufu za jamii ileile na buni iliyokaangwa. Vanila ndiyo niliyoitafuta hadi nikachoka.

Chupa ya pili niliiacha mezani kwa muda wa dakika arobaini hivi. Nikachovya kipimajoto cha jikoni kwenye glasi: nyuzi 12. Hapo nikakutana na bia nyingine kabisa. Povu lilikuwa la kahawia, nene kama vidole viwili, na lilishuka taratibu likiacha michirizi kwenye kioo. Nilipoiinua kwenye taa, ule weusi ulikuwa na pindo la rangi ya damu ya mzee. Harufu ya kwanza ni ganda la mkate lililokaribia kuungua, ikifuatiwa na chokoleti chungu, na baada ya dakika chache nikasikia zabibu kavu. Kwenye baridi kali vyote hivyo vilikuwa vimelala, uchungu peke yake ndio uliokuwa macho.

Mdomoni oti zinafanya kazi yake. Zina utelezi, ule unaouona kwenye uji wake, na hapa unaipa bia uzito bila kuitia utamu. Shida inaanza ukishameza. Stauti ina uchungu wa aina mbili: wa hopsi, unaokaa nyuma ya ulimi na kuondoka kistaarabu, na wa nafaka iliyoungua, ambao ukizidi huacha ukakasi kwenye mashavu. Huu wa pili umezidi. Tangu Daniel Wheeler apewe hataza ya mtambo wa kukaangia kimea huko Uingereza mwaka 1817, watengenezaji wamejua kwamba kiasi kidogo tu cha kimea cheusi kinatosha kuibadilisha rangi bia nzima. Aliyepika hii alikuwa na mkono mzito. Wapo wanaoficha kosa la namna hiyo kwa laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, ikabaki na utamu wake. Nashukuru hawakufanya hivyo. Wapunguze tu shayiri nyeusi.

Gesi nayo ni nyingi mno. Wengi wetu tumezoezwa na Guinness ya kopo, lenye kile kidude cha nitrojeni kilichoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980. Viputo vyake ni vidogo na kinywaji kinapita kama malai. Hii ina kaboni dayoksaidi peke yake, na haki yake, lakini ikikutana na ukali wa nafaka iliyoungua inachoma ulimi. Nilikoroga kwa kijiko. Ndiyo, bia, kwa kijiko, na mwenzangu akacheka mpaka akapaliwa. Baada ya hapo ikawa tamu kunywa, na nusu ya mwisho ya glasi ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote.

Sasa lawama. Chupa ya tatu niliiweka kabatini miezi miwili. Nilipoifungua ilinuka karatasi iliyolowa, na kwa nyuma kulikuwa na kitu kama sosi ya soya: hewa ilishaiharibu. Stauti za imperial, zile kali zenye asilimia 10 au zaidi, huweza kutunzwa miaka, ila hii si ya kabila hilo. Ilikuwa na umri gani siku niliyoinunua? Lebo ina picha ya kunguru na aya mbili za kishairi kuhusu usiku, lakini tarehe ya kujazwa haipo, si kwenye karatasi, si kwenye kizibo, si shingoni.

Ukiipata, inywe wiki hiyohiyo, kwenye glasi yenye mdomo mpana, na usiwe na haraka nayo. Zile nyota mbili nimezifuta. Nimeandika tatu na nusu, na pembeni yake saa niliyoitoa kwenye friji.