Waliniambia ng'ombe kwanza

Ranchi tuliyokwenda kulala naipa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya farasi. Msimamizi asije akadhani ni yake.

Sikumbuki vizuri ilikuwa lini. Ni majuzi tu, mvua ilikuwa haijaanza na majani yamekauka mpaka yanalia ukiyakanyaga. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe. Safari yenyewe ilikuwa ya mama mkwe. Amekulia kwenye mifugo, akasema anatamani alale tena mahali anaposikia ng'ombe wakicheua usiku. Ukiambiwa hivyo na mama mkwe wako huulizi bei mara mbili, unatafuta ranchi.

Vyumba vingapi, vitanda vya ukubwa gani, umbali kutoka mjini, hayo yote yapo kwenye tangazo lao na picha zao zilizopigwa jua likizama. Mji wenyewe ni mdogo, ukipiga chafya umeshaupita. Baada ya hapo lami inakwisha na vumbi linaanza, na vumbi la ile barabara haliishii kwenye viatu. Linaingia puani, kwenye kope, hadi kwenye mikunjo ya viwiko. Tulifika giza limeingia tukiwa wa rangi moja, na wazo langu lilikuwa moja tu, kuoga.

Basi nizungumzie maji. Hasa maji ya saa tatu usiku, Ijumaa, nikiwa nimejipaka sabuni kuanzia utosini.

Bomba la mvua lilianza vizuri, maji ya moto, mkandamizo wa kutosha. Nikalifunga nijisugue kwa raha, kistaarabu, bila kupoteza maji. Nilipolifungua tena likakohoa mara mbili, likatoa upepo, likanyamaza. Aliyewahi kukatikiwa na maji akiwa na povu anajua kinachofuata. Unasubiri. Unafunga, unafungua. Unalibembeleza bomba kama mtoto aliyegoma kumeza dawa. Povu linaanza kukauka, ngozi inavutika kama ngoma, halafu tone moja linateremka taratibu kutoka kwenye nyusi na kuingia jicho la kushoto.

Simu haikushika mtandao ndani. Tulikuwa tumeelekezwa kwamba mtandao unapatikana kwenye kisiki fulani nje, karibu na ua wa umeme. Nikatoka na taulo. Kumbe mama mkwe amekaa barazani, kwenye giza, anasikiliza ng'ombe wake. Alinipisha kwa kugeuza uso ukutani, akamuuliza ukuta, "Mwanangu, maji yamekatika?" Nikamjibu, "Ndiyo mama," nami nikiutazama upande mwingine, tukaachana kwa heshima.

Pale kisikini ua ulikuwa unagonga. Ule umeme hautiririki mfululizo. Unapiga kwa vishindo, kimoja karibu kila sekunde, tik, tik, tik. Ni volti maelfu lakini za kufumba na kufumbua, za kumtia ng'ombe adabu na si za kumuua. Hilo nalijua nikiwa mkavu. Nikiwa nimelowa, pekupeku, na jicho moja limefumba, kila tik niliihesabu kama ya mwisho.

Msimamizi akapokea.

"Habari za usiku, bwana. Huku nyumbani maji yamekatika."

"Hayajakatika. Ng'ombe wanakunywa."

"Saa tatu usiku?"

"Mkubwa, hapa ni ranchi. Ng'ombe kwanza, wageni baadaye. Ng'ombe hajui kusubiri, wewe unajua."

Akakata. Hakuna pole, hakuna "tunaliangalia", hata usiku mwema hakuna.

Sasa nitasema jambo ambalo linanitia aibu. Yale maneno yaliniingia. Nilirudi ndani nikajisuuza kwa chupa moja ya maji ya kunywa, lita moja na nusu, nikiyagawa kama mgawo wa jangwani: kichwa, macho, basi. Masikio yakabaki na povu lake. Nikalala nikiwaza kwamba yule bwana kanishinda kwa hoja. Nimekuja kwenye nyumba ya wanyama, nikataka wanyama wanipishe? Nikaanza hata kutunga maoni ya kuwasifu: mahali penye msimamo, mahali pasipomdekeza mtu wa mjini. Nikamsomea mke wangu sentensi ya kwanza. Akaniambia lala.

Alfajiri mama mkwe akaniita kando.

"Baba, wale ng'ombe hawakunywa jana usiku. Nilikuwa macho. Walilala wakacheua mpaka kumekucha. Ng'ombe akinywa utamsikia, anavuta maji kwa mdomo mzima, na akinyanyuka mmoja wananyanyuka wote. Hakunyanyuka hata mmoja. Mimi nilisikia maji yanamwagika."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umevaa taulo."

Nikateremka mwenyewe hadi kwenye birika la kunyweshea mifugo. Ni birika la saruji, refu kama mtumbwi, si la chai. Nilichokikuta sitakisahau. Lilikuwa limefurika pande zote. Chini yake kulikuwa na tope jeusi la kufika kwenye vifundo, limechorwa kwato za tangu sijui lini, na nyuki kwa mamia wametua ukingoni wanafyonza unyevu. Kwenye kona, koki ilikuwa inamwaga maji kwa nguvu zake zote kama vile hakuna kesho. Na boya, lile tufe linaloelea ili maji yakijaa liinue mkono na kuifunga koki, lilikuwa limezama. Limetoboka, limejaa maji, limelala chini kama jiwe.

Kitu hichohicho kipo ndani ya tangi la choo chako. Kikiharibika nyumbani unasikia maji yakilia usiku kucha, unanunua kingine kesho yake. Hapa walikuwa wanakiita ng'ombe.

Mchungaji alikuwepo, mzee mmoja mpole, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Akaniambia boya hilo lina muda mrefu limeharibika. Amesema, amesema, amechoka kusema. Alikuwa analiinua kwa waya jioni akiondoka, na jana waya ulikatika. Akanionyesha tangi juu ya kilima, la lita 5,000, linalojazwa na pampu ya jua. Jua likizama pampu inazima, kwa hiyo kilichomo machweo ndicho hichohicho mpaka asubuhi. Na tangi ni moja kwa wote, watu na mifugo. Birika liko bondeni, nyumba iko karibu usawa wa tangi. Koki ya bondeni ikiwa wazi, maji hayana sababu ya kupanda kuja kwako.

Nikapiga hesabu palepale, hasira ikinisaidia kuzidisha. Ng'ombe walikuwa hamsini na kitu. Mkubwa wa nyama, siku isiyo ya joto kali, anakunywa lita arobaini, hamsini. Hata wangekunywa wote usiku ule kiu yao ya siku nzima, tangi lingebaki na karibu nusu. Lakini koki inayomwaga lita kumi kwa dakika inatoa 600 kwa saa. Saa nane na ushee, lita 5,000 zimekwisha na hakuna kiumbe aliyekunywa ila nyuki. Yule bwana hakuwapendelea ng'ombe. Aliwasingizia.

Na hiki ndicho kilichoniuma. Ufa na kutu ni mambo ya kila shamba, nayasamehe. Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba nililala nikijilaumu kwa ubinafsi kwa sababu ya boya la plastiki lenye tundu.

Tukatengeneza, mzee na mimi. Wazo lilikuwa lake. Tunahitaji kitu chepesi kisichoingiza maji, akasema, akauliza kama nina chupa tupu. Kama nina chupa tupu! Nikapanda mbio nikaileta ileile ya usiku, bado ina harufu ya sabuni. Tukakaza kifuniko, chenye rangi ya bluu, tukaifunga kwa waya kwenye mkono wa koki pale lilipokuwa boya, tukaupinda mkono kidogo kuelekea chini ili ifunge kabla maji hayajafika ukingoni. Tukasimama tukitazama. Birika likapungua kidogo ng'ombe wa kwanza walipofika, koki ikafunguka, chupa ikapanda taratibu, ikapanda, koki ikanuna, ikatoa uzi mwembamba, ikafunga. Mzee alicheka bila sauti, mabega tu. Kazi nzima haikuchukua nusu saa.

Ndipo msimamizi akafika na pikipiki. Sikutarajia kuvishwa shada, lakini nilitarajia salamu. Alitazama chupa, akamtazama mzee, kisha mimi, akauliza, "Nani amewaruhusu wageni kuchezea mitambo?" Mitambo! Nikamwonyesha boya lililotoboka. Akalitia kwenye mfuko wa koti kama ushahidi anaotaka upotee. Nikamuuliza kuhusu usiku wetu mmoja bila maji, kama kuna namna ya kupunguziwa. Akanijibu, "Si ulikuja kuona maisha ya ranchi? Umeyaona."

Kama hapo ungenipa kalamu, nyota ingekuwa sifuri.

Lakini haki itendeke. Jumamosi mchana binti yangu alipanda farasi, na ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizozipata mwaka huu. Aliyemfundisha ni mzee yuleyule. Alimwambia asimwendee farasi kutoka nyuma ya mkia wala kumsimamia puani uso kwa uso, kwa sababu macho yake yako ubavuni, anaona karibu pande zote isipokuwa sehemu hizo mbili. Uende kwa begani, ukizungumza, akujue kwa sauti. Akafunga tandiko, akamtembeza hatua chache, akasimama na kukaza tena ule mkanda wa tumboni. Mtoto akauliza kwa nini unafunga mara mbili. "Mara ya kwanza anafungwa akiwa amejikaza kifua," akasema mzee. "Sasa amenisahau." Binti yangu ni mwoga wa hata kuku. Alizunguka uwanja mara tatu, mara ya tatu bila kushikiliwa, mgongo umenyooka, na aliponipita hakunitazama. Alikuwa anatazama masikio ya farasi, kama alivyofundishwa.

Usiku wa pili maji yalitoka. Nilioga mara mbili, ya pili ya ukaidi tu. Kisha nikaenda kukaa na mama mkwe barazani, nimevaa kamili. Hakukuwa na taa mpaka upeo wa macho, na kilimia kilikuwa juu yetu nikahesabu nyota sita, yeye akasema saba. Na ng'ombe walikuwa wanacheua. Nilidhani ni kitu kidogo, kumbe hamsini pamoja ni sauti kabisa, kama mtu anayetembea kwenye mchanga bila kufika. Wanafanya hivyo karibu saa nane kwa siku, aliniambia, wakipokezana kati ya kula na kulala. Hakusema kingine kwa muda mrefu. Pale nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Kwa hiyo unayefikiria kwenda, nenda. Au subiri. Kabla hujalipa, sahau mambo ya bwawa la kuogelea na waulize swali moja: tangi la watu na la mifugo ni moja? Wakisema moja, uliza bomba la birika linatokea wapi kwenye tangi. Fundi mwenye akili huliweka juu kidogo kuliko la nyumba, ili birika likivuja usiku maji yakishuka chini ya tundu lake likome, na kilichobaki chini kiwe cha watu. Ni tundu moja na kiungo kimoja. Wakikujibu kwa kukuelezea machweo, beba ndoo.

Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu hapa. Tatu ilionekana haki: mbili za mzee, moja ya farasi. Halafu juzi ukanifikia ujumbe kutoka kwao, ule wanaomtumia kila mgeni, wakiniomba niwape nyota tano na kunikaribisha tena, kwa kuwa sasa, wameandika, "tumefunga mfumo mpya wa kudhibiti maji." Wameweka na picha. Msimamizi amesimama kando ya birika, mkono kiunoni, anatabasamu. Nikaikuza kwa vidole. Nyuma ya goti lake la kulia kuna chupa yangu, imefungwa kwa waya, kifuniko cha bluu.

Nimerudi kwenye moja. Na nimewajibu kwa swali moja tu, kama yule mzee amepewa boya jipya au bado anakaza kifuniko mwenyewe kila jioni. Wamenijibu ndani ya dakika moja: "Asante kwa maoni yako, ni muhimu kwetu."