Makumbusho ya Reli Nairobi: anzia uani, kwa Mount Gelai

Ukiingia Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni ya zamani, utavutwa kwanza na vyumba vya ndani: vyombo vya mezani vya treni, taa, picha. Viache kwa baadaye. Mali yenyewe, injini za mvuke, imesimama nje juu ya reli, na wakati wake ni asubuhi, kabla jua halijapasha chuma moto hata vishikio vya ngazi visishikike. Vaa viatu vilivyofunika vidole na ubebe tochi. Tenga saa mbili kwa ua peke yake.

Jifunze kwanza kusoma namba. Tarakimu mbili za mwanzo ni daraja la injini, mbili za mwisho ni nafasi yake ndani ya daraja hilo: 5918 ni injini ya 18 ya daraja la 59, 3020 ni ya 20 ya daraja la 30. Majina nayo yalikuwa na utaratibu. Daraja la 59 lilipewa milima, la 29, 30 na 31 makabila, la 60 magavana wa kikoloni. Kwa hiyo ua mmoja una Mount Gelai (5918), Nyaturu (3020) na Sir Harold MacMichael (6006), na yote matatu ni majina ya upande wa Tanzania, kwa sababu shirika la reli lilikuwa moja kwa nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania.

Mount Gelai ndiyo inayostahili safari. Iliundwa 1955 na Beyer Peacock wa Manchester. Ina urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa tani 252 ikiwa imejaa. Ziliundwa 34 za aina hii, na kwenye reli ya upana wa mita moja hakuna injini ya mvuke iliyozizidi nguvu. Simama katikati yake, chuchumaa, umulike chini ya boila: hakuna gurudumu hata moja. Boila imebebwa na fremu iliyokaa kati ya magari mawili, kila moja na silinda na magurudumu yake, kila moja likijipinda lenyewe kwenye kona. Ndiyo maana tanuri lake liliweza kuwa pana na lenye kina, kwani halibanwi na magurudumu, na dude refu hivyo bado likapita kwenye kona za kupanda kutoka pwani.

Ubora huo una gharama. Bomba linalopeleka mvuke kwenye silinda lazima lipinde pamoja na gari, kwa hiyo lina viungo vinavyocheza. Kiungo kikilika, mvuke unavuja na nguvu inapotea kabla haijafika kwenye pistoni. Fuata bomba hilo kwa tochi kutoka kwenye boila hadi silinda. Ni somo zuri kuliko bango lolote.

Ndani ya chumba cha dereva usitafute koleo la makaa: injini hizi zilichoma mafuta mazito. Tafuta vioo vya kupimia maji. Maji yakishuka chini ya dari ya tanuri, bati hilo hukosa cha kulipoza, hulainika, kisha hupasuka kwa shinikizo la mvuke. Jicho la dereva halikuondoka kwenye vioo hivyo.

Injini kukaa nje, mvuani na juani, kunasikitisha. Masizi ya mafuta yana salfa. Yakilowa huwa asidi inayokula bati la chumba cha moshi, sehemu ya mbele ya boila, kutoka ndani, huku rangi ya nje ikionekana safi. Usihukumu hali ya injini kwa rangi. Angalia kama mdomo wa bomba la moshi umefunikwa, na kama konrodi, vile vyuma virefu vinavyosukuma magurudumu, zina grisi kwenye beringi. Ukiona nyuzi nyeupe zinazochanika chini ya mabati ya boila yoyote ya zamani, usiguse wala usipulize: boila za enzi hizo zilivishwa asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu.

Malizia na behewa namba 12. Mwaka 1900, stesheni ya Kima, Charles Ryall wa polisi wa reli alikesha humo akimvizia simba mla watu, usingizi ukamchukua. Simba aliingia, behewa likainama kwa uzito wake, mlango wa kuteleza ukajifunga, naye akatokea dirishani na Ryall mdomoni. Pima kwa macho upana wa dirisha, kisha utazame njia ya mlango ule. Hapo utaona jinsi mlango ulivyoweza kujifunga bila mkono wa mtu.