TAHADHARI: Lenzi za zamani zinazouzwa "kioo safi" huku ndani zimeliwa na kuvu

Wakuu, mwenye mpango wa kununua lenzi ya kamera ya zamani, ya fokasi ya mkono, asitangulize hela. Kuna mchezo umeshika kasi mitandaoni. Muuzaji anaweka Helios 44-2, Super-Takumar, Pentacon au Canon FD, anapiga picha tatu nne za kuvutia, anaandika "kioo safi, haina shida yoyote", halafu sharti ni moja: lipa kwa simu, mzigo utapanda basi. Mzigo unafika kweli, na lenzi ni ile ile ya kwenye picha, ila ndani kuvu imetanda au kioo kimesuguliwa mpaka basi. Ukilalamika unajibiwa "vitu vya zamani ndivyo vilivyo". Huo ni uongo. Lenzi ya mwaka 1977 iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa safi mpaka leo.

Changa la macho lipo kwenye picha zenyewe. Utaona lenzi imepigwa kwa mbele, imeinamishwa kidogo, kifuniko cha nyuma hakijatolewa, na mwanga wa dirisha unang'aa juu ya kioo. Kwa mwanga wa mbele ni vigumu kuona kuvu hata ukikuza picha vipi, kwa sababu kuvu huonekana vizuri pale mwanga unapotokea nyuma. Kwa hiyo mwambie muuzaji atoe vifuniko vyote viwili, afungue diafragma, yaani tundu la kupitisha mwanga, mpaka mwisho (f/2 kwa Helios), aweke tochi ya simu upande wa nyuma ikae kimshazari, isimulike moja kwa moja kwenye kamera, kisha apige picha kutokea upande wa mbele. Halafu ageuze lenzi arudie. Ni kazi ya dakika mbili. Anayekataa, au anayesema tochi yake imeharibika, achaneni naye.

Picha ikija, angalia kwanza ukingoni mwa kioo. Kuvu ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi, na mara nyingi huanzia pembeni kuelekea katikati. Ikikaa muda mrefu inakula kotingi, yaani ile rangi ya zambarau, bluu au kaharabu unayoiona kioo kikiakisi mwanga. Ikishafika hapo, hata fundi akiifuta, alama inabaki. Kitu kingine ni utando: weupe uliosambaa sawasawa kwenye kioo cha ndani, mara nyingi unatokana na mafuta ya grisi ya zamani yaliyopanda kama mvuke na kutua kwenye vioo. Huo unaweza kusafishika, lakini gharama ya fundi iondolewe kwenye bei. La tatu ndilo baya zaidi: gundi kuachia. Helios 44-2 ina vioo 6 katika makundi 4, na jozi mbili zimegandishwa kwa gundi. Ukiona rangi za upinde wa mvua au doa linalong'aa likiingia kutoka ukingoni, gundi imeachia, na gharama ya kuirudishia huzidi thamani ya lenzi yenyewe.

Sasa kuna wajanja waliogundua kwamba wanunuzi wameanza kuomba picha ya tochi. Hao wanafungua lenzi, wanafuta kuvu kwa kitu chochote kilicho karibu, wanafunga, wanauza. Kioo kwenye tochi kinaonekana safi, kumbe kotingi imeondoka. Omba picha ya taa ya dari ikiakisiwa kwenye kioo cha mbele na cha nyuma. Mwakisiko uwe na rangi nzima, isiyo na mabaka. Ukiona baka jeupe lisilo na rangi, hapo pamesuguliwa, na ukipiga picha kuelekea mwanga, weusi utageuka kijivu. Tazama na skrubu pamoja na pete ya jina: mikwaruzo kwenye matundu yake inaonyesha lenzi imefunguliwa na mtu asiye na zana. Asiyejua kazi anaweza kurudisha kioo kikiwa kimegeuka, au akaingiza hesi za fokasi mahali pasipo pake. Matokeo yake pete inasoma ∞ (mbali kabisa) lakini mnara wa simu ulio mbali hautokei mkali hata ufanye nini.

Tutende haki pia. Vumbi kidogo ndani halidhuru picha. Viputo vidogo vya hewa ndani ya kioo ni kawaida kwa lenzi za Kisovieti na za Kijerumani za zamani. Mkwaruzo mmoja mwembamba mbele hauna athari kubwa. Kwenye kioo cha nyuma ndiyo uogope. Mafuta kwenye bledi 8 (vile vipande vinavyofunga na kufungua diafragma) za Helios 44-2 hayakwamishi kitu kwa sababu unazifunga mwenyewe kwa mkono, lakini kwenye Super-Takumar au Helios 44M, ambazo kamera ndiyo inayofunga, bledi zenye mafuta huchelewa na picha inaungua kwa mwanga. Na Super-Takumar 50mm f/1.4 yenye vioo vya njano si mbovu: ndani yake kuna kioo chenye thoriamu, ambayo mionzi yake hukigeuza kioo rangi kwa miaka, na taa ya UV hukirudisha kwa siku kadhaa. Ila muuzaji anayeiita "rangi maalumu" ili apandishe bei anakupiga.

Kuhusu "Carl Zeiss Jena Sonnar 50mm" ya hesi za M39 (mdomo wa kuzungushia wenye upana wa 39mm), kaeni macho mara mbili. Sonnar halisi nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kamera za Contax, na za M39 ni chache mno. Zinazozagaa ni Jupiter-8 na Jupiter-3 za Kisovieti zilizofutwa jina na kuchongwa upya. Jupiter ni lenzi nzuri, inunue kwa bei ya Jupiter. Vivyo hivyo, usikubali neno "adimu" kwa Helios 44-2. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na mara nyingi tarakimu mbili za mwanzo za namba yake ndizo mwaka.

Mtego mwingine ni adapta, kipande cha kuunganisha lenzi na kamera ya aina nyingine. "Inaingia kamera zote" si kauli ya mtu anayejua. M42, yaani hesi ya 42mm ya Helios 44-2 na Super-Takumar, inahitaji 45.46mm kutoka maunti (mdomo wa kamera unaoshika lenzi) hadi sensa. Canon EF ina 44mm, inatosha adapta nyembamba. Nikon F ina 46.5mm, tayari imezidi, hivyo hutapata fokasi ya mbali bila adapta yenye kioo, na kioo hicho kinaharibu ubora. Canon FD ni 42mm, kwa hiyo kwenye DSLR ya Canon yenye EF tatizo ni lile lile. Mirolesi (kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani) kama Sony E, 18mm, zinapokea zote. M39 nayo ipo ya aina mbili: ya kamera za rengefainda (unazotazamia kwenye kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi), 28.8mm, na ya Zenit, kamera za Kisovieti za kutazamia kupitia lenzi, zaidi ya 45mm. Upana wa mdomo ni sawa, adapta ni tofauti kabisa. Muulize ni ipi. Akibabaika, hajui anachouza.

Kabla ya kulipa, dai picha ya lenzi ikiwa juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, namba ya lenzi ikisomeka, maana wengine wanauza kwa picha za kuiba. Kama mko mji mmoja, kutaneni mchana mahali pa watu, nenda na tochi, adapta na kamera yako.

Aliyekwisha kulipa arekodi video akifungua mzigo tangu utepe wa gundi wa nje, asifute meseji, na awapigie mtandao wa simu mara moja aombe muamala uzuiwe kabla hela haijatolewa. Kwa Tanzania, namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, kisha ufungue jalada polisi ukiwa na namba ya muamala.